Oili Kati ya Alama Mbili

Injini ya pikipiki ya cc 100 hadi 150, ya aina inayobeba abiria na mizigo kote katika delta ya Mto Tana, huhitaji oili ya takriban lita 1 tu. Kiasi hicho hufanya kazi ambazo kwenye gari zimegawanywa. Hulainisha krenki, pistoni na kemshafti, hulainisha gia, na papo hapo huloweka sahani za klachi. Gari dogo huwa na lita 3 au 4 za oili ya injini, na giaboksi yake ina oili ya peke yake. Kwenye pikipiki wote wanakula sinia moja. Robo lita ikipungua katika gari, dereva anaweza kumaliza wiki bila kujua. Ikipungua katika pikipiki, robo ya oili yote imekwenda, na iliyobaki inalazimika kuzunguka haraka zaidi, kupata joto zaidi na kuchoka mapema.

Kuna kazi nyingine inayosahaulika kwa sababu haionekani. Nyingi za injini hizi hupozwa kwa hewa, yaani hazina rejeta wala maji, na sehemu kubwa ya joto la pistoni na la kichwa cha silinda hubebwa na oili hadi chini ya injini. Upepo husaidia pale tu pikipiki inapokwenda kwa kasi. Njia za udongo za Golbanti, Ngao na Tarasaa, humo humo katika delta, haziruhusu kasi hiyo kila siku. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia la maembe, ikisota kwa gia ya pili kwenye tope au mchanga, huzungusha injini kwa nguvu huku upepo ukiwa hafifu, katika nchi ambayo joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa muda mwingi wa mwaka. Hapo oili ndiyo inayobeba mzigo wa kupoza, na ikiwa pungufu hakuna kitu kingine cha kushika nafasi yake.

Mzunguko wenyewe ni mfupi. Oili hukaa chini ya injini. Pampu ndogo inayoendeshwa na krenki huivuta kupitia wavu, huisukuma kwenye krenki na juu kwenye kichwa cha silinda, kisha hurudi chini kwa uzito wake. Krenki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 2,500 katika dakika hiyo moja. Kemshafti na vijiti vya valvu viko mwisho wa safari ya oili, kwa hiyo ndivyo huwa vya kwanza kukaukiwa. Kiwango kikishuka mno, mdomo wa pampu huanza kunywa hewa, kwanza kwa nyakati chache tu: pikipiki inaposhuka tuta, inapofunga breki kwa ghafla, inapolala kwenye kona. Mlio wa tak-tak unaotoka juu ya injini mara nyingi husikika wakati chuma kimeshakula chuma. Baada yake beringi ya konrodi hulegea na injini hunoki, au pistoni hushika kabisa na tairi la nyuma hufunga barabarani.

Taa nyekundu ya oili ambayo madereva wa magari wameizoea haipo kwenye pikipiki nyingi za kazi. Na hata inapokuwapo, taa ya namna hiyo kwa kawaida hupima shinikizo, si kiwango. Huwaka wakati pampu imeshakosa cha kusukuma. Kinachobaki ni jicho la mwendeshaji.

Watengenezaji wenyewe walijua tangu zamani kwamba jicho hilo haliangalii kila siku. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, ililenga nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi na huduma ya injini ni ya kubahatisha. Injini ile haikuwekewa kemshafti juu ya silinda; iliwekewa vijiti vya kusukuma valvu kutoka chini, karibu na oili, pamoja na chujio linalotupa uchafu pembeni kwa mzunguko wa krenki, lisilohitaji kununuliwa upya. Nyingi za pikipiki za Kichina zilizoenea Afrika Mashariki zina injini iliyoigwa kutoka kwenye ile. Ndiyo maana baadhi yake hustahimili mateso ambayo yangeua injini nyingine, na ndiyo maana pia wapo waendeshaji wanaoamini kuwa pikipiki haihitaji kupimwa oili. Uvumilivu wa muundo una kikomo chake, na hakuna muundo unaoweza kulainisha injini kwa oili isiyokuwamo.

Kiwango hupimwa kwa njia moja kati ya mbili. Pikipiki nyingine zina kijiti kilichoungwa na kifuniko cha kujazia oili, chenye alama ya juu na ya chini. Nyingine zina kioo cha duara ubavuni mwa injini, na alama hizo zimechorwa kando ya kioo. Njia zote mbili ni sahihi kwa sharti moja: pikipiki iwe imesimama wima, kwenye ardhi iliyo sawa.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa kuliko mengine yote. Stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto, na oili yote hukimbilia kushoto. Kijiti na kioo, kwenye pikipiki nyingi, viko upande wa kulia, kwenye mfuniko wa klachi. Kwa hiyo pikipiki iliyoegemea stendi ya pembeni husoma pungufu hata ikiwa imejaa. Mwendeshaji mwangalifu, anayepima kila asubuhi, huona pungufu na kuongeza. Kesho yake huona pungufu tena na kuongeza tena. Anayeharibu injini hapa si mvivu, ni yule mwenye bidii aliyeegemeza pikipiki vibaya.

Ardhi ya Golbanti nayo ina mchango wake. Udongo wa delta ni mfinyanzi ulioletwa na mto. Mvua ikinyesha, mguu mmoja wa stendi ya kati huzama kuliko mwenzake. Kiangazi kikiingia, udongo huohuo hupasuka na kuacha mabonde madogo. Kuinamia upande mmoja kwa nyuzi chache tu kunatosha kudanganya kijiti, kwa sababu nafasi kati ya alama ya juu na ya chini ni fupi. Mahali pazuri ni baraza la saruji la duka, sakafu ya kituo cha mafuta, au ubao mpana uliowekwa chini ya stendi. Pikipiki isiyo na stendi ya kati hupimwa na watu wawili: mmoja huishika wima kwa usukani, mwingine hupiga magoti na kusoma.

Baada ya mahali huja wakati. Injini ikizimwa tu, sehemu ya oili bado iko juu, kwenye kichwa cha silinda na kwenye kuta, na kijiti husoma chini ya ukweli. Maelekezo ya watengenezaji wengi yanafanana: injini iachwe ikiunguruma kwa dakika 3 hadi 5, izimwe, kisha isubiriwe dakika 2 au 3 ndipo ipimwe. Wengine hupima asubuhi kabla ya kuwasha, oili yote ikiwa imeshuka. Tofauti ya njia hizi mbili si kubwa, ila kuzichanganya huleta matatizo: anayepima leo kwa baridi na kesho kwa moto hawezi kujua kama oili imepungua au ni kipimo kilichobadilika. Kufuata kitabu cha pikipiki, na kwa njia ileile kila mara, ndiko kunakovipa vipimo hivyo maana.

Kijiti kina hila yake. Hutolewa, hufutwa kwa kitambaa safi kisicho na mchanga, hurudishwa, hutolewa tena na kusomwa. Swali ni kama kinarudishwa kwa kukazwa au kwa kuegeshwa tu juu ya tundu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za Honda na zilizoigwa kutoka kwao, kijiti huegeshwa bila kukazwa. Kwenye pikipiki nyingine hukazwa hadi mwisho. Kukaza kile kinachotakiwa kuegeshwa hukizamisha kijiti zaidi, na injini pungufu huonekana imeshiba. Vifuniko pia hubadilishana katika gereji. Kijiti cha pikipiki moja huingia kwenye nyingine bila shida, hesi zikiwa sawa, huku urefu na alama zikiwa tofauti. Dawa yake ni rahisi: siku ya kubadilisha oili, hutiwa kiasi kamili kilichoandikwa kitabuni, injini huwashwa na kuzimwa, na oili hutazamwa imefika wapi kwenye kijiti. Ikiwa haikufika karibu na alama ya juu wala kati ya alama mbili, kijiti hicho si cha injini hiyo.

Kiasi chenyewe mara nyingi kimechorwa kwenye chuma, karibu na tundu la kujazia, kwa herufi ndogo ambazo tope huzificha. Kitabu cha pikipiki kwa kawaida hutoa tarakimu mbili. Ndogo ni ya kubadilisha oili tu. Kubwa ni ya injini iliyofunguliwa yote na kukaushwa. Oili ikimwagwa kwa kawaida, kiasi kidogo hubaki ndani kwenye mifereji na kwenye kuta. Fundi anayetia tarakimu kubwa kila servisi huizidishia injini kila servisi.

Kwa pikipiki za kioo, adui ni uchafu. Nje ni tope, na hilo hufutika. Ndani, oili ya zamani huacha mstari wa kahawia ambao kwa jicho la haraka huonekana kama kiwango. Pikipiki ikiinamishwa kidogo upande mmoja kisha mwingine, oili ya kweli husogea. Mstari wa uchafu hukaa palepale.

Kipimo kizuri ni kati ya alama mbili, karibu zaidi na ya juu. Kikiwa chini ya hapo, huongezwa oili ya aina ileile kwa kiasi kidogo, kama mililita 100 kwa mara moja, husubiriwa ishuke, na hupimwa upya. Kumimina kwa kukisia na kutazama baadaye ni desturi mbaya, maana kuongeza ni kazi ya sekunde na kupunguza ni kazi ya spana.

Oili inayopungua ama imevuja ama imeungua. Uvujaji katika nchi ya vumbi hujitangaza: vumbi hushika pale palipolowa na kuganda kuwa tope jeusi. Sehemu za kutazamwa ni boliti ya kumwagia, ambayo washa yake huchakaa kwa kukazwa mara nyingi. Nyingine ni sili ya shafti ya gia, nyuma ya sproketi ndogo ya mbele, na gasketi iliyo chini ya silinda. Injini huoshwa, hukaushwa, huendeshwa kidogo, kisha hutazamwa upya, la sivyo vuja la jana hulaumiwa kwa kosa la leo. Oili inayoungua huonekana kwenye ekzosi kama moshi wa buluu. Ukitoka wakati wa kuvuta mafuta kwa nguvu, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka. Ukitoka kwa muda mfupi tu asubuhi injini inapowashwa, sili za valvu ndizo za kushukiwa. Injini ya namna hiyo inaweza kuendelea na kazi kwa muda ikiwa inapimwa na kuongezwa kila siku. Wengi hawafanyi hivyo, na ringi za bei nafuu huishia kuleta gharama ya krenki.

Kuzidi ni ugonjwa unaodharauliwa. Kiwango kikipita alama ya juu, krenki na gia huikoroga oili hadi itoe povu. Povu ni hewa, na hewa hubinywa. Pampu huisukuma lakini chuma hakipati utando wa kukitenganisha na chuma mwenzake. Shinikizo ndani ya injini hupanda, oili hutafuta njia kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye chujio la hewa, chujio hulowa, pikipiki hukosa nguvu na kutoa moshi. Sili nazo husukumwa na kuanza kuvuja, na mwendeshaji anapoona vuja huongeza oili. Kupunguza kwa kulegeza boliti ya chini ni kazi chafu inayomwaga zaidi ya inavyotakiwa. Bomba la sindano la mifugo, lile kubwa linalouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, likiunganishwa na kimpira kirefu na safi, hunyonya oili iliyozidi kupitia tundu la kujazia bila kumwaga tone.

Kupungua na kuzidishwa hutokana na mashine au mkono. Jambo la tatu ni geni kwa wengi: oili inayopanda bila kuongezwa na mtu. Injini haitengenezi oili. Kiwango kikipanda chenyewe, kuna kitu kimeingia, nacho ni maji au petroli.

Katika Golbanti maji ndiyo ya kudhaniwa kwanza. Kijiji hiki kiko kwenye nyanda za mafuriko za mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Wamisionari wa Kimethodisti walipofungua kituo hapo katika miaka ya 1880, mto ulikuwa njia. Siku hizi watu hutegemea magurudumu, ila mto bado hudai njia yake. Mvua kubwa zikinyesha kwenye nyanda za juu na mabwawa ya juu ya Tana yakijaa, maji hushuka hadi huku hata anga ya delta ikiwa kavu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya mwaka 2024, yalifunika njia na mashamba. Pikipiki hupitishwa kwenye maji ya goti, au husukumwa, au hupandishwa mashua.

Maji huingia kwenye injini kupitia mpira wa kupumulia, kifuniko cha oili kisichokazwa, sili zilizochoka, au kupitia chujio la hewa. Yakichanganyika na oili, mchanganyiko hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na kioo au kijiti huonyesha wazi. Oili hiyo haisubiri servisi ijayo. Maji hayana utando wa kubeba beringi, huleta kutu, na ardhi ya mafuriko huyapa maji hayo mfinyanzi laini unaosaga chuma.

Pikipiki iliyozama haifai kupigwa kiki. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabinyiki kama hewa, na nguvu ya kiki au stata inaweza kupinda konrodi. Plagi hutolewa kwanza, injini huzungushwa polepole maji yatoke, na chujio la hewa pamoja na kabureta husafishwa. Kisha oili yote humwagwa, hutiwa oili ya bei nafuu ya kusuuzia, injini huachwa ikiunguruma dakika chache bila kupewa mzigo, na humwagwa tena. Ikitoka bado na weupe, kazi hurudiwa. Oili ya kudumu hutiwa mwisho. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko, huku kiwango kikiwa palepale na oili ya chini ikiwa safi, ni jambo jingine: ni mvuke uliogandia humo katika safari fupi fupi, na hutoweka injini ikipata safari ndefu.

Petroli ni mgeni wa kimyakimya zaidi. Kwenye pikipiki za kabureta, sindano ya boya hufunga petroli chemba ikijaa. Sindano ikichakaa au ikibanwa na taka, na koki ya tanki ikiachwa wazi usiku kucha, petroli huendelea kushuka, hupita kwenye silinda na kuchuruzika kando ya ringi hadi kwenye oili. Asubuhi kiwango kiko juu ya alama, oili inanuka petroli, na kwenye kijiti inatiririka kama maji. Mwendeshaji anayefurahi kwamba oili haijapungua anaondoka na injini iliyojaa majimaji yasiyolainisha. Kabureta hutengenezwa kwanza na oili hubadilishwa baadaye. Kinyume chake ni kutupa lita nzima ya oili mpya. Kufunga koki kila jioni hugharimu mzunguko mmoja wa kidole.

Kiwango sahihi cha oili isiyofaa hakisaidii. Kwa joto la pwani na la delta, 20W-50 ndiyo inayopendekezwa sana kwa injini hizi. Tarakimu 50 hueleza uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Maandishi 4T huonyesha kuwa ni ya pikipiki ya mipigo minne. Muhimu zaidi ni alama ya JASO MA, ya mfumo wa Kijapani ulioanza mwaka 1998, inayothibitisha kuwa klachi iliyoloweshwa na oili hiyo haitateleza. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Injini hulia lakini pikipiki haiendi. Chupa inunuliwe ikiwa na lakiri nzima na nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Oili ya kupima kutoka kwenye mtungi ulio wazi huvutia pale inapohitajika kidogo tu ya kuongezea, lakini asili yake haijulikani. Lita moja iliyofungwa, iliyobaki ikahifadhiwa kwa kifuniko kilichokazwa, ni ununuzi bora.

Muda wa kubadilisha hufuata kitabu cha pikipiki, na vitabu hivyo huagiza muda ufupishwe kwa chombo kinachofanya kazi kwenye vumbi, tope na mizigo mizito, yaani kwa kila bodaboda ya Golbanti. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 2,000 katika siku 20. Weusi wa oili peke yake si kigezo, kwa kuwa oili nzuri hubeba masizi na hugeuka nyeusi mapema.

Oili iliyomwagwa ipimwe kabla ya kuondolewa. Ikiwa ilitiwa lita 1 na imetoka mililita 700, bila chochote kuongezwa katikati, injini imemeza karibu theluthi moja, na tangu siku hiyo kupimwa mara moja kwa wiki hakutoshi. Kisha oili hiyo huingia kwenye dumu lenye kifuniko na kukabidhiwa gereji inayoikusanya. Kisima na mto si mahali pake: delta ya Tana imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2012, na maji yake ndiyo yanayonywewa.